Wiki ya kutembea pwani ya Kigaeli, Ayalandi: Dingle, Visiwa vya Aran au Donegal?

Mwanakombo_Leeds

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliokanyaga huko kwa miguu yao, maana vipeperushi vya makampuni vyote vinafanana.

Mwakani mwezi wa sita tuna wiki moja. Tutakuwa wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 15, na mama mkwe anayekuja kutoka Tanga. Ana miaka 63, anatembea vizuri, ila goti la kushoto humsumbua kwenye mteremko. Tunataka safari ya kutembea na mwongozaji pwani ya magharibi ya Ayalandi, kule kunakosemwa Kigaeli, lugha ya asili ya nchi hiyo. Nimebakiwa na chaguo tatu: rasi ya Dingle huko Kerry, Visiwa vya Aran pamoja na Connemara huko Galway, au Gleann Cholm Cille huko Donegal. Zote ni siku saba, kilomita 10 hadi 15 kwa siku, mizigo inabebwa na gari.

Niwaambie na sababu yangu, huenda ikasaidia. Wodini kwetu kuna muuguzi anayetoka pande hizo. Kila mapumziko ya mchana anampigia mama yake, na simu ikishapokelewa tu sauti yake inashuka, inakuwa ya mtoto. Sielewi hata neno moja. Lakini nikimsikia namkumbuka marehemu bibi yangu na Kidigo chake, ambacho mimi nakisikia na binti yangu hakijui kabisa. Kwa hiyo sitafuti ngoma ya kuchezewa watalii hotelini. Nataka nikiingia dukani kununua mkate nimkute mwenye duka anamkemea mwanawe kwa lugha yao. Kati ya hizo tatu, ni wapi?

Nasra_Cardiff

Dada Mwanakombo, mimi Dingle nimekwenda mara mbili, na mara ya kwanza nilikosea. Nilichukua kampuni inayolaza wageni mjini Dingle. Mji ni mzuri, una bandari na muziki kila usiku, na kwenye ramani umo ndani ya Gaeltacht, yaani maeneo yaliyotambuliwa na serikali kuwa ya Kigaeli. Lakini mtaani utasikia Kiingereza. Mwongozaji wetu alikuwa hodari wa ndege wa baharini, jina la kila ndege analo, ila Kigaeli hakukijua. Tulipita kwenye makaburi ya Dún Chaoin, alipozikwa Peig Sayers, yule msimulizi mashuhuri wa Visiwa vya Blasket, tukapita tu kama tunavyopita kituo cha basi. Niliumia nilipokuja kujua baadaye.

Mara ya pili nililala Dún Chaoin kwenyewe, magharibi kabisa. Huko ndiko. Mama mwenye nyumba alikuwa anaongea na fundi wa bomba kwa Kigaeli asubuhi mpaka mayai yangu yakaungua.

Njia yenyewe nikueleze. Mzunguko mzima wa rasi, Slí Chorca Dhuibhne, una kilomita 179 na unaanzia na kuishia Tralee. Huhitaji wote. Kipande cha kukaa moyoni ni kuanzia ufukwe wa Ceann Trá, mchanga mgumu usiozamisha mguu, kisha unapanda ubavu wa mlima kati ya kuta za mawe hadi kwenye clocháin, vibanda vya mawe matupu yaliyopangwa bila saruji vikawa mfano wa mzinga wa nyuki. Unazunguka ncha ya Ceann Sléibhe na ghafla Visiwa vya Blasket vyote viko mbele yako. Kile kikubwa kimelala baharini, nyumba zake unaziona, na hazina mapaa.

Kisiwa hicho kilihamwa mwaka 1953. Vijana walikuwa wameshaondoka, wengi wao kwenda Marekani, waliobaki ni wazee na wachache wengine. Bahari ikichafuka hakuna daktari wala padri anayefika, na kuna kijana aliyefariki huko kwa maradhi akisubiri msaada ambao boti haikuweza kuleta. Baada ya hapo watu wenyewe wakaomba serikali iwahamishe. Na kijiji hicho kidogo, cha wavuvi na wachunga kondoo, kilitoa waandishi wanaosomwa Ayalandi nzima mpaka leo! Peig mwenyewe alikuwa msimulizi, alisimulia na mwanawe akaandika. Pale Dún Chaoin kuna kituo cha kumbukumbu zao, Ionad an Bhlascaoid. Tengeni nusu siku nzima.

Kwa goti la mama: sehemu ya Ceann Sléibhe ina kupanda na kushuka lakini si kukali. Msikubali kumpandisha mlima Cnoc Bréanainn, una mita 952, na mteremko wake ndio wa kumaliza magoti.

Ochieng_Galway

Nasra ameeleza vizuri sana, lakini wacha nitetee huku kwetu. Nimeishi Galway miaka tisa.

Kwanza onyo. Ukiona safari imeandikwa "Connemara", uliza mnalala wapi. Nyingi zinalaza watu Clifden na kuwapandisha Diamond Hill, mita 442, mandhari ya ajabu kweli. Lakini Clifden si Gaeltacht. Kigaeli cha Connemara kiko kusini: An Spidéal, An Cheathrú Rua, Ros Muc, Carna. Redio ya taifa ya Kigaeli ina makao yake Casla tangu 1972, na televisheni yao, TG4, iko Baile na hAbhann. Panda basi la kwenda bandari ya Ros an Mhíl, utamsikia dereva anasikiliza habari za vifo vya kijiji kwa lugha yake, kama vile nyumbani tulivyokuwa tukisubiri matangazo ya vifo redioni.

Sasa visiwa. Viko vitatu: Inis Mór, Inis Meáin na Inis Oírr. Watalii wengi wanashuka Inis Mór, wanakodi baiskeli, wanakimbilia Dún Aonghasa, ile ngome ya mawe iliyo ukingoni mwa jabali la karibu mita 100, wanarudi na boti ya jioni. Ukilala, kuanzia boti ya mwisho inapong'oa nanga kisiwa kinakuwa cha wenyewe. Watu wanatoka milangoni, wanasimama barabarani kuongea.

Lakini mimi ningewapeleka Inis Meáin, cha katikati, kinachopata wageni wachache kuliko vyote. Angalieni kuta. Kisiwa chote kimekatwakatwa kwa kuta za mawe makavu, vishamba vingine havizidi ukubwa wa sebule. Na havina mageti. Mtu akitaka kumwingiza ng'ombe anabomoa kipande cha ukuta, ng'ombe anapita, anapanga mawe upya nyuma yake. Nilimtazama mzee mmoja akifanya hivyo, kila jiwe alijua linakaa wapi, hakurudia hata moja. Na ule udongo ndani ya kuta waliutengeneza wenyewe, vizazi kwa vizazi, kwa kubeba mchanga na mwani kutoka ufukweni na kuutandaza juu ya mwamba mtupu. Viazi vyao vimeota hapo.

Kuhusu goti: hakuna milima, lakini sakafu ya kisiwa ni mwamba wa chokaa wenye nyufa za kumeza mguu. Mama abaki kwenye vijia, na fimbo mbili za kutembelea ni lazima.

Nasra_Cardiff

Kaka Ochieng, Inis Meáin nakubali kabisa. Ila kwa wiki nzima visiwa ni vidogo kwa mtu anayetaka kutembea kilomita 15 kila siku, siku ya tatu ataanza kurudia njia. Ndiyo maana makampuni yanaunganisha na Connemara, halafu mnajikuta Clifden.

Ochieng_Galway

Hapo umesema kweli. Siku tatu visiwani, tatu An Cheathrú Rua au Carna, hiyo ndiyo ningeitafuta. Ni nadra kuipata imepangwa tayari, itabidi muombe wawapangie.

Mwalimu_Tulia

Shikamooni mliotutangulia umri. Mimi kura yangu ni Donegal, na sababu yangu ni hiyohiyo ya dada Mwanakombo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwa wageni, kwa hiyo nilitaka kuona wenzetu wanafundishaje lugha yao kwa watu wazima. Gleann Cholm Cille kuna taasisi inaitwa Oideas Gael, ilianzishwa 1984. Wana wiki za lugha na wiki za kutembea milimani, na tofauti yake na kampuni za utalii ni kwamba lugha ndiyo kazi yao. Wanaoongoza matembezi wanakwambia jina la kila kilima na maana yake. Majina ya huko si mapambo. Ukijua kwamba cnoc ni kilima, trá ni ufukwe, dún ni ngome na inis ni kisiwa, tayari unasoma ramani kama mtu wa hapo. Na itawafaa popote mtakapokwenda, maana ndani ya Gaeltacht vibao vya barabarani vimeandikwa Kigaeli peke yake. Ramani yako ya Kiingereza inasema Dunquin, kibao kinasema Dún Chaoin, na watu wanapotea hivyo.

Kuna jambo lililonifurahisha kama mwalimu. Sisi tunabadilisha mwanzo wa neno, mtoto na watoto. Wao pia. Boti ni bád, ukisema boti yangu inakuwa mo bhád, na ile b ya mwanzo haisikiki tena, inatamkwa kama w. Wazungu darasani walihangaika sana na kitu hicho. Mimi nilihisi niko nyumbani, nilishazoea kwamba neno hulitafuti kwenye kamusi kwa herufi uliyoisikia.

Bonde lenyewe ni tulivu. Kuna Turas Cholm Cille, njia ya hija yenye vituo 15, vingine vikiwa mawe marefu yaliyochongwa misalaba kabla watu wa hapo hawajajua kujenga makanisa makubwa. Wenyeji wanaizunguka tarehe 9 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Colm Cille, na wapo wanaotembea peku. Mwongozaji wetu aliitembea na sisi siku ya kawaida, na kwenye kila kituo alinyamaza kidogo kabla ya kueleza. Alikuwa anasali.

Halafu Sliabh Liag, majabali yanayopanda karibu mita 600 kutoka baharini. Usisogee ukingoni siku ya upepo, na usikubali kupitishwa kwenye ule mgongo mwembamba juu kabisa kama hukuzoea milima. Kwa mama, kuna mahali pa kutazamia, Bunglass, panapofikika bila kupanda sana.

Ubaya: ni mbali. Treni haifiki huko, ni basi baada ya basi. Kwa familia yenye mzee ni siku nzima kwenda na siku nzima kurudi.

Kasongo_Cork

Bonsoir kwa wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Cork tangu zamani. Sina ujuzi wa milima, lakini kama mutapita Kerry kuna pahali moja naomba musikose.

Karibu na Tralee kuna ufukwe unaitwa Banna. Ni mrefu, mchanga tu na upepo. Hapo, tarehe 21 Aprili 1916, alishuka Roger Casement kutoka manowari ya Wajerumani, alikuwa anapigania uhuru wa Ayalandi. Waingereza walimukamata siku hiyohiyo, na tarehe 3 Agosti wakamunyonga London. Kuna mnara wa ukumbusho.

Sisi Wakongo tunamujua kwa jambo lingine. Mwaka 1903 alikuwa konseli wa Uingereza kwetu. Alipanda mto, akaketi na watu, akaandika maneno yao: vijiji vilivyochomwa sababu ya utomvu wa mpira, watu waliokatwa mikono. Ripoti yake ilitoka 1904, na miaka minne baadaye Léopold, mfalme wa Ubelgiji, alinyang'anywa Kongo. Watu wa Kerry walinionyesha mnara kama shujaa wao. Nikawaambia ni wetu pia. Mzee mumoja alivua kofia, akaniuliza jina la kijiji cha baba yangu, akalirudia mara mbili ili alishike. Mimi sitasahau.

Ndio maana nasema Kerry.

Zubeda_Bham

Kaka Kasongo, umenitoa machozi. Ahsante.

Dada Mwanakombo, nadhani mama mkwe ni Mwislamu, kwa hiyo niongeze ya chakula maana hakuna aliyeyagusa. Asubuhi kwenye nyumba za wageni wanaleta sahani kubwa: soseji za nguruwe, bekoni, na zile duara nyeusi ni damu ya nguruwe. Mwambie mama mwenye nyumba siku ya kuweka nafasi, wanapika mayai, uji wa shayiri, samaki wa moshi na mkate wa soda bila neno. Mchana na jioni samaki wamejaa, kaa, kome, ila supu nzito ya samaki uiulizie kila mara, wengi huweka vipande vya bekoni.

Muziki unapigwa baa, hilo halikwepeki. Lakini agiza chai, hakuna atakayekushangaa, nilikuta na bibi wa huko wanakunywa chai mpaka usiku. Na kama kuna céilí ukumbini, yaani ngoma yao ya kupangana mistari, mpelekeni binti. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo Isha inachelewa sana. Mimi nilikuwa nasali Maghrib ufukweni.

Jambo la mwisho, nyumba za wageni. Kuanzia Juni vijana wa shule kutoka Ayalandi nzima wanapelekwa Gaeltacht kwa wiki tatu kujifunza lugha, na wanalala kwenye nyumba hizohizo. Vyumba vinajaa mapema.

Mwanakombo_Leeds

Nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mume wangu ya Kasongo kwa sauti.

Naomba mnijibu mawili. Mama ana pasi ya Tanzania na atakuja kwa viza ya Uingereza, je, inatosha kuvuka? Na swali la pili: nikiwapigia makampuni, niulize nini ili nijue kama mwongozaji ana lugha kweli?

Ochieng_Galway

Viza ya Uingereza haimtoshi mama, na hata ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haimtoshi, Ayalandi haimo Schengen. Anahitaji viza ya Ayalandi yenyewe, mbali na ile ya Uingereza. Aombe mapema kabisa, na kama atarudi Leeds baada ya safari, hakikisheni ile ya Uingereza inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Kuna watu wamekwama hapo.

Mwalimu_Tulia

Swali la pili: uliza "mwongozaji anatoka kijiji gani?" na "nyumbani kwake anaongea lugha gani na watoto?" Usiulize kama anajua Kigaeli, kila mtu Ayalandi alikisoma shuleni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.8 waliosema wanakiweza, lakini wanaokisema kila siku nje ya shule ni takriban 72,000, na kati yao walio ndani ya Gaeltacht ni kama 20,000 tu. Unamtafuta mmoja katika hao 20,000. Akiwa ni yeye, kampuni itakujibu bila kusita.

Mwanakombo_Leeds

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilipiga simu sehemu tano. Wawili walinijibu kwamba waongozaji wao "wote wana mapenzi na utamaduni", nikawaaga. Mmoja, wa Kerry, akasema mwongozaji amezaliwa Dún Chaoin na babu yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wakivusha watu wa Blasket kwa naomhóg, ule mtumbwi wao wa mbao nyembamba na turubai iliyopakwa lami. Nikamwomba niongee naye. Aliniuliza goti la mama ni la kulia au la kushoto, maana njia moja ina mteremko unaolalia kushoto kwa muda mrefu na angependa kuizunguka.

Tumelipia Dingle. Tunalala usiku nne Dún Chaoin, mbili Baile an Fheirtéaraigh, na tukishuka treni Tralee kwanza tunakwenda Banna. Siku ya kuvuka kwenda Blasket imeachwa wazi, boti inakwenda bahari ikiruhusu na ngazi za kushukia zinateleza. Mama akiona hapamfai atabaki kituoni na mimi. Donegal tumemuahidi binti akimaliza mitihani, yeye na baba yake.

Limebaki dogo. Yule muuguzi mwenzangu ameanza kumfundisha mama salamu kwa simu. Unasema Dia dhuit, Mungu awe nawe, na mwenzako anazidisha, Dia is Muire dhuit, Mungu na Maryamu. Mama ameipenda kwa sababu inajibiwa kama salaam aleikum, na jibu linakuwa refu kuliko salamu. Ila anauliza kama kwa Mwislamu ni sawa kulisema hilo la pili.

Nasra_Cardiff

Mwambie mama akisalimiwa ajibu Conas taoi, hali yako. Kerry ndivyo wanavyosema, na hakuna atakayeona amepungukiwa adabu. Galway wangesema vingine, Donegal vingine tena.

Na ile dhuit msimfundishe kwa maandishi. Dh yake hapo ni gh yetu, ya ghali na lugha, na ch ya Dún Chaoin wala si ch ya chai, ni kh ya kheri. Waingereza kwenye kundi letu walihangaika nazo wiki nzima. Mama wa Tanga atazitoa siku ya kwanza.

Mwanakombo_Leeds

Ameshazitoa. Muuguzi alimwomba arudie, halafu akampa simu mama yake amsikilize.